NYUMBA NA JAMAA: Barua ya Shule Katika Nyumba ya Mgeni

Katika nyumba nyingi za wageni mjini Hamamatsu, nchini Japani, habari zilizo muhimu kuliko zote huingia mlangoni zikiwa mgongoni mwa mtoto. Mtoto wa shule ya msingi katika nchi hiyo hubeba mkoba mgumu kama sanduku, uitwao randoseru, unaotarajiwa kudumu miaka yote sita ya masomo. Ndani yake, pamoja na vitabu, mna karatasi. Ipo karatasi ya vyakula vitakavyoliwa shuleni mwezi mzima, siku kwa siku. Ipo ya kupimwa meno. Ipo ya siku ya michezo. Ipo inayomtaka mama ashone mfuko wa kitambaa wa kutilia viatu. Na lipo daftari la mawasiliano ambamo mwalimu ameandika kwa mkono wake kwamba ana neno na wazazi. Mama hulipokea daftari, hulitazama juu na chini, kisha humrudishia mtoto.

"Wasema nini?"

Mtoto husoma kwa macho, hunyamaza kidogo, kisha hujibu: "Si neno, mama. Ni habari za shule tu."

Daftari hurudishwa mkobani. Mwalimu hungoja, na mzazi haji. Baada ya siku chache mwalimu huanza kuamini kwamba wazazi wa mtoto huyu hawajali, na mama, ambaye hakupata kuitwa, hajui kwamba ameitwa.

Mama huyu hana jina hapa kwa sababu si mmoja. Amechukuliwa kuwa mfano wa wengi waliofika Hamamatsu kutoka Brazil tangu mwaka 1990, na habari zao haziwezi kueleweka bila ya kurudi nyuma kidogo. Tarehe 18 Juni 1908 meli iitwayo Kasato Maru ilitia nanga katika bandari ya Santos nchini Brazil, ikiwa imewachukua Wajapani 781 waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Wengi wao walikusudia kukaa miaka michache, wapate fedha, warudi kwao. Hawakurudi, walifuatwa na wengine, wakazaa, wakazika wazee wao huko. Kisha mwezi wa Juni 1990 sheria mpya ya uhamiaji ya Japani ilianza kutumika, nayo iliwapa wana na wajukuu wa wahamiaji hao ruhusa ya kukaa Japani na kufanya kazi yoyote, wakati ambapo viwanda vilikuwa na njaa kubwa ya wafanyakazi. Wajukuu hao nao walikusudia kukaa miaka miwili au mitatu.

Kufikia mwaka 2007 Wabrazili waliokuwa Japani walipita laki 3. Mwisho wa mwaka 2024 walikuwa wamepungua, lakini walikuwa bado zaidi ya laki 2, katika jumla ya wageni wa mataifa yote waliopita milioni 3 na laki 7. Hakuna mji wa Japani wenye Wabrazili wengi kuliko Hamamatsu. Msomaji aliyepata kupanda pikipiki huenda ameujua mji huo bila ya kujua: kampuni ya Suzuki ina makao yake makuu hapo, na pikipiki za Yamaha ni za mji jirani wa Iwata. Mabwana wengi wa jamaa hizi hufanya kazi katika viwanda vidogo vinavyotengeneza vipuri vya magari na pikipiki, wengine zamu ya mchana, wengine ya usiku, na aghalabu huandikwa na mawakala wa kazi badala ya kuandikwa na kiwanda chenyewe.

Liko jambo moja linalowatesa watu hawa ambalo wageni wengine hawalijui. Walipokuwa Brazil, jirani zao waliwaita Wajapani kwa sababu ya sura zao. Walipofika Japani waliitwa Wabrazili kwa sababu ya ulimi wao. Mtu mwenye sura ya kigeni akikosea husamehewa upesi. Lakini mtu mwenye sura ya Kijapani, na jina la ukoo la Kijapani, akisimama mbele ya karani wa ofisi ya mji asiweze kusema ila Kireno, karani humtazama mara mbili.

Kupata nyumba ni kazi. Katika uchunguzi uliotangazwa na Wizara ya Sheria ya Japani mwaka 2017, kati ya wageni waliotafuta nyumba ya kupanga katika miaka mitano iliyotangulia, wapatao 4 katika kila 10 walieleza kwamba walipata kukataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Isitoshe, wenye nyumba wengi hudai mdhamini, na wengine hudai fedha ya shukrani isiyorudishwa, ambayo mpangaji huitoa kabla hajalaza hata mto. Nyumba za umma hazina mambo mengi ya namna hiyo. Ndiyo sababu jamaa za kigeni zimekusanyika katika majengo marefu ya umma yaitwayo danchi, mistari kwa mistari ya milango inayofanana, kama ilivyo katika nyumba za askari kambini. Mtu akisikia kwamba wageni hupenda kujitenga, na akumbuke kwanza ni milango gani iliyokuwa wazi kwao.

Katika danchi mgeni hufundishwa mambo ambayo hakuna anayeyasema kwa sauti. Viatu huvuliwa mahali pa chini mlangoni, na huelekezwa nje. Ndani ya bafu, mtu hujisugua na kujisuuza nje ya birika, kisha ndipo huingia katika maji ya moto, kwa sababu maji yale yale yataingiwa na baba, mama na watoto kwa zamu. Atakayeingia na sabuni atakuwa ameyaharibu maji ya nyumba nzima. Jamaa inapohamia, ni desturi nzuri kugonga milango ya jirani wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini, na kumpa kila mmoja kitu kidogo, kama taulo au sabuni, pamoja na maneno machache ya kujijulisha. Zawadi hiyo ni ya bei ndogo, lakini huenda ikanunua amani ya miaka, maana jirani wa chini ndiye atakayesikia nyayo za watoto usiku.

Yamkini msomaji atacheka akisikia kwamba ugomvi mkubwa wa danchi haukutokana na dini wala siasa, bali na takataka. Zinazoungua hutolewa siku zake, mara nyingi siku mbili kwa juma. Plastiki ina siku yake. Chupa na makopo vina siku yao. Magazeti hufungwa kwa kamba. Godoro au kabati bovu haliwezi kutupwa mpaka limelipiwa. Kila mji una ratiba yake, na anayetoka mji mmoja kwenda mwingine hana budi kujifunza upya. Mfuko hupelekwa mahali palipowekwa asubuhi, wala si usiku uliotangulia, kwa ajili ya kunguru na paka. Ukitolewa kinyume, wachukuzi huuacha pale pale wakiubandika karatasi ya kueleza kosa lake. Sasa fikirini bwana anayerudi kutoka zamu ya usiku, hajui kusoma karatasi ile, naye auona mfuko wake umesimama peke yake barabarani siku tatu mfululizo, na jirani wakiupita kila asubuhi. Hakuna aliyemtukana. Hakuna pia aliyemwambia. Katika miaka ya 1990 mambo kama haya, pamoja na muziki wa usiku na magari yaliyosimamishwa ovyo, yalizidisha chuki katika danchi zaidi ya moja, hadi miji iliyo na wageni wengi ikaona ni lazima kukutana. Mwaka 2001 miji 13 iliungana kwa wito wa Hamamatsu, ikatoa tamko la kuitaka serikali kuu iwatazame wageni hawa kama wakazi, si kama mikono ya kazi tu.

Askari polisi wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua jinsi wenzao wanavyoingia katika habari hii. Katika kila mtaa wa Japani mna kituo kidogo cha polisi kiitwacho koban, pengine cha chumba kimoja tu, chenye askari wachache wa zamu. Mtu aliyepotea njia huuliza hapo. Aliyeokota mfuko wa fedha huupeleka hapo, na huandikiwa hati. Askari wa koban hutembelea nyumba za mtaa wake moja moja, akiuliza ni nani wanaoishi humo na ni nani aitwe pakitokea ajali. Mgeni aliyetoka katika nchi ambako kubisha hodi kwa polisi ni habari mbaya, hushtuka sana siku hiyo. Wako akina mama waliozima taa na kuwanyamazisha watoto. Huko mashamba koban hugeuka kuwa nyumba: askari huishi hapo na jamaa yake, na anapokuwa doria ni mkewe anayewapokea wenye shida na kupokea simu. Wake wa askari watapima wenyewe kama hiyo ni heshima au ni kazi ya pili.

Jikoni mgeni hupata faraja yake ya kwanza na mshangao wake wa kwanza. Chakula cha kila siku cha Mbrazili ni wali na maharage. Wali upo, ingawa ni wa kushikamana. Lakini maharage ya Kijapani aghalabu hupikwa kwa sukari mpaka yakawa uji mzito, yakatiwa ndani ya maandazi. Mama aliyeonja mara ya kwanza akidhani ni chumvi hasahau. Baadaye yalifunguliwa maduka ya Kibrazili yanayouza maharage meusi, kahawa na hata muhogo uliogandishwa, na siku ya Jumapili harufu ya chungu cha feijoada, maharage meusi yaliyochemshwa na nyama ya nguruwe, huwajulisha jirani wote kwamba mgeni yupo nyumbani.

Lakini turudi kwenye ule mkoba.

Shule ya Japani humpokea mtoto wa mgeni bila ada, na vitabu hupewa bure. Asubuhi watoto wa mtaa mmoja hukutana na kwenda shuleni kwa miguu kwa mstari, wakubwa wakiwaangalia wadogo. Shuleni huvua viatu vya nje na kuvaa vya ndani. Mchana hujigawia chakula wenyewe, wamevaa kofia nyeupe na aproni. Kisha hufagia darasa na kupangusa vyoo kwa mikono yao. Mama wa kigeni anayemwona mwanawe akikunja nguo zake bila ya kuambiwa huisifu shule, na ana haki ya kuisifu.

Mzigo uko katika maandishi. Mtoto hujifunza kwanza namna mbili za alfabeti, kila moja ya alama 46 za msingi, kisha katika miaka sita hujifunza alama 1,026 za asili ya Kichina ziitwazo kanji. Hapandi darasa kwa kushinda mtihani, bali kwa umri wake. Kwa hiyo mtoto aliyekuja akiwa na miaka 10 huwekwa pamoja na wenzake wa miaka 10, asome historia katika lugha aliyoanza kuisikia jana. Baada ya mwaka mmoja huzungumza uwanjani kama mwenyeji, na wazazi hufurahi, wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha. Lugha ya uwanjani si lugha ya kitabu, na mtoto anayecheka vizuri kwa Kijapani huenda hafahamu swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno.

Hata hivyo yeye ndiye anayejua kuliko wote nyumbani, na hapo ndipo mambo hugeuka. Mama akiumwa tumbo, mtoto hutolewa darasani aende naye hospitali, amweleze daktari maradhi ambayo si ya kuelezwa na mtoto. Ikija hati ya kodi, mtoto huisoma. Mwenye nyumba akikasirika, mtoto husimama katikati, apokee ukali kwa Kijapani na kuutoa kwa Kireno, akiupunguza njiani ili baba asifedheheke. Baba humwita hodari. Lakini siku mwalimu anapowaita wazazi kwa sababu ya utoro wa mtoto huyo huyo, anayeifasiri barua ni mshtakiwa. Jamaa za askari waliohamishwa kutoka kambi hadi kambi zalijua jambo hili kidogo: mtoto huishika lugha ya mahali kabla ya mama yake. Tofauti ni kwamba kambini mama atajifunza kisimani na sokoni, kwa kuwa watu wataongea naye. Mama wa Hamamatsu hupanga vipuri siku nzima mbele ya mtambo, pembeni ya Wabrazili wenzake, na dukani bei huandikwa juu ya kitu; huweza kupita juma zima bila ya kusema neno la Kijapani ila asante.

Wakati huo huo Kireno cha mtoto chapungua. Kwanza hujibu kwa Kijapani anapoulizwa kwa Kireno. Baadaye hukosa maneno ya mambo makubwa, kama hofu, aibu, au yale yaliyompata shuleni. Hufika miaka 14, ana siri, na hana lugha moja ya kumwambia mama yake.

Wako pia watoto wasioingia shule kabisa. Sheria ya Japani humlazimisha raia kumsomesha mwanawe, lakini haimlazimishi mgeni. Kwake ni hiari. Hiari hiyo ina sura ya heshima, lakini mtoto aliyetoroka kwa sababu ya kuchekwa hakutafutwa na mtu. Wizara ya Elimu ilipofanya uchunguzi wake wa kwanza wa nchi nzima mwaka 2019, ilikuta watoto wa kigeni wapatao 19,000 ambao yamkini hawakuwa shuleni, wengi kati yao kwa sababu hali yao haikujulikana tu. Hamamatsu haikungoja hesabu hiyo. Tangu mwaka 2011 mji huo ulikuwa umeanza kulinganisha orodha ya wakazi na orodha za shule, na kuwatuma watu nyumba kwa nyumba wakiuliza: mtoto huyu yuko wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2008 dhiki ya fedha ya dunia ilivifikia viwanda. Wa kwanza kuachishwa walikuwa hawa walioandikwa na mawakala, na wengi wao walipoteza kazi na nyumba mwezi mmoja, kwa sababu nyumba zilikuwa za mwajiri. Mwezi wa Aprili 2009 serikali ilianza kutoa yeni 300,000 kwa kila mfanyakazi, na yeni 200,000 kwa kila jamaa wake, warudi kwao, kwa sharti la kutorudi Japani kwa muda kwa hati ile ile ya kizazi. Wabrazili wapatao 20,000 walizichukua. Wengine waliondoka bila ya kuchukua, ili wasifungiwe mlango. Shule za Kireno zilizotegemea ada za wazazi zilifungwa moja baada ya nyingine. Na huko Brazil walishuka katika ndege vijana wenye hati za kusafiria za Brazil, waliozaliwa Japani, ambao hawakuweza kusoma kibao cha basi.

Waliobaki walibaki na swali jipya. Maadamu kila mmoja aliamini kwamba atarudi mwakani, kujifunza Kijapani kulionekana ni kupoteza Jumapili. Sasa ilikuwa dhahiri kwamba mwakani haufiki.

Liko pia jambo la hatari lililowasukuma akina mama kuliko maneno ya ofisi yoyote. Hamamatsu iko pwani, upande wa nchi unaotazamiwa kupatwa na tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya bahari. Kila tarehe 1 Septemba, siku ya kukumbuka tetemeko la mwaka 1923, mazoezi ya kujiokoa hufanywa nchini kote. Katika tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,400, wageni waliumia kwa kiasi kikubwa kuliko hesabu yao ilivyokuwa, na wengi walikosa kuelewa matangazo. Baada ya hapo wataalamu wa lugha walitunga namna ya Kijapani chepesi kwa ajili ya siku za maafa: badala ya neno la kiofisi la kuhamia mahali pa usalama, husemwa tu, kimbieni. Lakini hata neno jepesi humtaka msikilizaji awe na machache. Tetemeko haliji saa za jioni peke yake, wakati mkalimani wa nyumbani ameketi mezani akila. Laweza kuja saa nne za asubuhi, yeye yuko darasani, na mama yuko peke yake ghorofani, na kipaza sauti cha mtaa kinalia.

Na mahali pa kukimbilia, katika mitaa mingi, ni shule ile ile ya msingi ambayo karatasi zake hajazisoma.

Kwa hiyo katika kumbi za mitaa, usiku na siku za mwisho wa juma, utawakuta akina mama wenye mikono migumu ya kiwandani wameketi katika viti vidogo, wakiandika alama 46, moja moja, mbele ya wastaafu wa Kijapani wanaowafundisha kwa kujitolea. Hawafiki kanji 1,026, wala hawaombwi. Shule nyingi siku hizi huandika alama nyepesi juu ya zile ngumu, na nyingine hutoa barua kwa Kireno. Mwenye kujua zile 46 huweza kuipata tarehe, saa, na neno moja au mawili.

Mama wa mfano naye sasa huichukua karatasi mwenyewe. Huiweka juu ya meza, huipitia kwa kidole, polepole, akitamka kwa sauti, na mwanawe akimsikiliza kutoka chumba cha pili bila ya kusema neno. Ijumaa. Saa tisa. Wazazi. Viatu vya ndani. Siku ya Ijumaa humwomba msimamizi wa kiwanda ruhusa ya saa mbili, naye hufika katika lango la shule kabla ya wakati, amevibeba viatu vyake vya ndani katika mfuko wa plastiki.